Kshama Sawant: Diwani Aliyeshinda kwa Kura Chache, na Kilichobaki Baada Yake

Mara tatu kati ya mwaka 2013 na 2021, Kshama Sawant, msoshalisti aliyekuwa diwani wa jiji la Seattle nchini Marekani, alimaliza usiku wa kwanza wa kuhesabu kura akiwa nyuma, na mara zote tatu hesabu ilipokamilika alikuwa mshindi. Wapinzani wake waliita hali hiyo bahati. Jimbo la Washington, ilipo Seattle, hupiga kura kwa posta, na bahasha zinazotumbukizwa dakika za mwisho huhesabiwa siku zinazofuata. Wanaochelewa hivyo mara nyingi ni vijana na wapangaji, watu ambao ndio waliokuwa mtaji wake. Hata hivyo, bahati haijirudii mara tatu bila mtu kuifanyia kazi, na timu zake za kampeni zilijulikana kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba hadi saa ya mwisho ya kupiga kura.

Sawant alizaliwa nchini India, akasomea kompyuta, kisha akahamia Marekani na kupata shahada ya uzamivu ya uchumi. Mwaka 2012 aligombea bunge la jimbo dhidi ya Frank Chopp, spika wa bunge hilo, akashindwa vibaya, lakini alipata asilimia 29 ya kura akiwa msoshalisti asiyejulikana. Mwaka uliofuata alimkabili Richard Conlin, diwani aliyekuwa barazani tangu 1998. Conlin hakuwa mhafidhina. Ila mwaka 2011 alikuwa diwani pekee aliyepinga sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, na Sawant hakuiacha kura hiyo isahaulike. Alimshinda kwa kura 3,151 kati ya zaidi ya 180,000 zilizopigwa jiji zima.

Mjadala kuhusu thamani yake kama diwani huanzia kwenye kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa, ambacho baraza lilikipitisha Juni 2014 kwa kura zote tisa. Wanaompunguzia sifa husema kwamba wafanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka walikuwa wameshagoma kabla hajachaguliwa, kwamba mji jirani wa SeaTac ulipigia kura kiwango hicho hicho mwaka 2013, na kwamba makubaliano yenyewe yalisukwa na kamati ya meya Ed Murray iliyokutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi. Hayo yote ni kweli. Lakini kamati ilifanya kazi huku wafuasi wa Sawant wakijiandaa kukusanya saini ili suala lipelekwe moja kwa moja kwa wananchi, bila kipindi kirefu cha mpito ambacho waajiri walikitaka. Waajiri walikubali haraka kwa sababu njia ya pili ingewagharimu zaidi. Sawant mwenyewe alilalamikia mpito huo, uliowapa waajiri wadogo hadi mwaka 2021, na pia kiwango cha chini zaidi kwa wanaojifunza kazi; kisha akapiga kura ya ndiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipokuwa hodari kuliko wakati mwingine wowote: alikuwa na tishio la kweli mkononi, na alijua wakati wa kupokea kilichopatikana.

Mwaka 2015 jiji lilianza kuchagua madiwani saba kati ya tisa kwa kata, na Sawant akashinda Kata ya Tatu kwa takriban asilimia 56. Kata hiyo ina mtaa wa Capitol Hill wenye wapangaji wengi na Central District, kitovu cha zamani cha Wamarekani Weusi, lakini pia ina nyumba za kifahari kando ya Ziwa Washington. Sheria zake nyingi ziliwalenga wapangaji: ukomo wa malipo ya kuingia nyumbani mwaka 2016, marufuku ya kuwafukuza watu wakati wa baridi kali mwaka 2020, na wakili wa bure kwa mpangaji anayeshtakiwa ili aondolewe, mwaka 2021. Tukiacha suala la mshahara, hizi ndizo kazi zake za udiwani zenye uzito, ingawa husahaulika kwa sababu hazikuwa na kelele.

Kelele zilikuwa kwa Amazon, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni yenye makao yake Seattle. Mei 2018 baraza lilipitisha kwa kauli moja kodi ya dola 275 kwa kila mfanyakazi wa kampuni kubwa, na mwezi mmoja baadaye likaifuta kwa kura saba dhidi ya mbili. Sawant alikuwa mmoja wa hao wawili. Mwaka 2019 Amazon ilimwaga dola milioni 1.5 katika uchaguzi wa madiwani kupitia kamati ya chama cha wafanyabiashara, fedha ambazo ziliwaudhi hata wapiga kura wasiompenda Sawant. Alimshinda Egan Orion kwa takriban asilimia 52.

Hapa upande wa pili wa hoja una nguvu. Kodi ya makampuni makubwa ilipopita hatimaye Julai 2020, rasimu iliyopita ilikuwa ya Teresa Mosqueda, diwani wa mrengo wa kushoto aliyekaa na wenzake akatafuta kura saba. Sawant alipendekeza kodi kubwa zaidi na akasukuma kampeni ya mitaani, na watetezi wake wana haki ya kusema kwamba pendekezo la Mosqueda lilionekana la wastani kwa sababu la Sawant lilikuwepo. Lakini diwani ambaye karibu kila mwaka aliikataa bajeti ya jiji, mara nyingi akiwa peke yake, na aliyewaita wenzake hadharani watumishi wa matajiri, alikuwa ameuchagua upweke. Upweke huo ulimpa sauti na ukamnyima kura za wenzake. Tofauti na mwaka 2014, alipokuwa na tishio la saini lililowabana wote, miaka ya baadaye ilimhitaji azungumze na watu aliokwisha kuwatukana.

Kura ya kumwondoa madarakani ya Desemba 2021 ilikusanya malalamiko hayo yote mahali pamoja. Mashtaka yalikuwa matatu: kwamba alitumia rasilimali za ofisi kwa kampeni ya kodi ya Amazon, kwamba aliwafungulia waandamanaji jengo la jiji usiku mmoja wa Juni 2020, wakati lilikuwa limefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na kwamba aliongoza maandamano hadi nyumbani kwa meya Jenny Durkan, ambaye anwani yake ililindwa kisheria. Shtaka la kwanza halikuwa uzushi, kwani alikuwa amekubaliana na tume ya maadili kulipa faini ya zaidi ya dola 3,500. La tatu alilikana, na Mahakama ya Juu ya jimbo haikuamua ukweli wake. Sheria ya Washington inaiachia mahakama kupima tu kama tuhuma zinatosha, na ukweli wake hupimwa na wapiga kura. Inafaa kukumbuka kwamba Sawant mwenyewe alitia saini ombi la kumwondoa, akitaka saini zitimie mapema ili kura ifanyike Novemba, siku ya uchaguzi wa kawaida, kuliko Desemba ambapo alihofia wapangaji wasingejitokeza. Hakufanikiwa kuiwahisha, lakini zaidi ya nusu ya waliojiandikisha walipiga kura, na alibaki kwa tofauti ya kura 310 kati ya takriban 41,000. Anna Louise Strong, mwanamke mwingine wa mrengo wa kushoto aliyepitia jaribio kama hilo Seattle, aliondolewa katika bodi ya shule mwaka 1918.

Ni vigumu kuziita kura 310 idhini ya wananchi, na ni vigumu pia kuziita kukataliwa. Januari 2023 alitangaza kwamba hatagombea tena. Mwezi uliofuata baraza lilipitisha pendekezo lake la kupiga marufuku ubaguzi wa tabaka la kuzaliwa (caste, mfumo wa matabaka wenye asili ya Asia Kusini), Seattle ikiwa jiji la kwanza nchini Marekani kufanya hivyo; kura zilikuwa sita kwa moja, huku baadhi ya mashirika ya Wahindu yakilalamika kwamba sheria hiyo inawanyooshea kidole wao. Novemba mwaka huo kata yake ilimchagua Joy Hollingsworth, mwanasiasa wa wastani, na baraza zima likaelekea kulia. Hakuna mrithi wa siasa zake aliyeketi katika kiti kile. Baraza hilo jipya, hata hivyo, halikukigusa kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2025 kilifika dola 20.76 kwa saa.