Transmita ndogo za FM: sheria imbane nani hasa?

Watu wengi wanasema ukirusha mawimbi ya redio bila leseni we ni mkosaji tu, hata kama katransmita kenyewe kanaenea kiganjani. Mi naona tuanze na vipimo. Uingereza, vile vitransmita vya FM vya kuchomeka kwenye iPod ili muziki usikike kwenye redio ya gari vilikuwa marufuku kwa sheria ya 1949, mpaka Desemba 8, 2006 vikaruhusiwa bila leseni, sharti visizidi nanowati 50. Nanowati 50 jamani! Chukua wati moja, ile tu ya kuwashia taa ndogo, igawe vipande milioni 20, kipande kimoja ndo hicho. Na sio kwamba vikizidi kidogo hapo basi vinafunika mtaa mzima, bado ni vya ndani ya gari. Miaka yote ya nyuma mtu mwenye kitu kidogo namna hiyo alihesabika anavunja sheria sawasawa na anayerusha stesheni nzima bila kibali, na hilo ndo linaniuma.

Wanaotaka ukali wana hoja ya kweli. Bendi ya FM inaishia megahezi 108, na hapohapo inapoishia ndo inaanza ya ndege, yenye mitambo ya kumwongoza rubani akitua. Transmita mbovu isiyo na filta, yaani kichujio cha mawimbi, inamwaga mawimbi pembeni kabisa ya masafa uliyoiseti, afu mwenyewe wala hujui, kwako muziki unasikika fresh tu. Hapo hakuna cha kumwonea mtu huruma.

Ila sasa mtumiaji wa kawaida anajuaje kama transmita yake imezidi? Marekani kikomo cha nguvu ya mawimbi ni mikrovolti 250 kwa mita, ukipimia umbali wa mita 3, kwa makadirio ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, mawimbi yanafika kama mita 60. Nani ana kifaa cha kupima hayo nyumbani? Kiwandani kipo, muagizaji mzigo anaweza kudai cheti cha vipimo, mnunuzi yeye kaona boksi limeandikwa "FM" akalipa. Faini za 2020 kule, hadi dola 100,000 kwa siku, ziliwekwa kwa ajili ya stesheni za maharamia, yaani zile zinazorusha bila leseni, na ziendelee kuwabana haohao. Kwa hivi vidogo nguvu iende bandarini na kwa wauzaji, halafu mtumiaji akilalamikiwa aambiwe azime, akikaidi ndo apigwe faini.