Mafuta ya mbono kaburi: maabara yanapita, kwenye kinu ni hesabu nyingine

Ripoti za kupima mafuta ya mbono kaburi (jatropha) zipo nyingi na karibu zote zinaishia pale pale, yanafaa kwa biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Mi siwapingi, vipimo ni vya kweli. Ila neno "yanafaa" limebebeshwa mzigo mkubwa sana hapa Tanzania, watu wamegawa ardhi kwa sababu yake, kwa hiyo tuangalie kipimo kinasema nini na wapi kinaishia.

Anza na ukamuaji. Maabara wanasaga mbegu wanaziweka kwenye Soxhlet, kifaa cha kioo cha kukamulia kwa kiyeyusho, heksani (kiyeyusho chenyewe) inazunguka masaa kadhaa inazoa karibu mafuta yote, ndo unapata zile asilimia 30 hadi 35 za uzito wa mbegu, yaani kilo 10 zinatoa kama lita 3 na nusu. Kilo 10 hizo hizo zipeleke kwenye kinu cha mkono kijijini, ukipata lita 2 umekamua vizuri, mengine yamebaki kwenye mashudu. Na mashudu ya mbono yana sumu, huwezi kumpa ng'ombe, labda uyafanye mbolea au uyatie kwenye mtambo wa biogesi, wakati mwenye alizeti anauza mafuta na mashudu vilevile. Hiyo tofauti kwenye ripoti haionekani kabisa.

Upande wa ubora mbono inajitetea vizuri. Mafuta ghafi ni mazito, kwenye nyuzi 40 mnato wake, yaani ule uzito wa kutiririka, unafika kama 35 kwa kipimo cha sentistoki wakati dizeli haizidi 4 na kitu, lakini ukishayapitisha kwenye methanoli na kostiki (soda kali) yakawa biodizeli mnato unashuka mpaka ndani ya kiwango cha Ulaya EN 14214, yaani 3.5 hadi 5. Tarehe 30 Disemba 2008 Air New Zealand walirusha Boeing 747 injini moja ikitumia mchanganyiko wenye nusu ya mafuta yaliyotokana na mbono, kwa hiyo uwezo upo.

Kipimo ninachokijali mimi ni cha asidi. Unayeyusha mafuta kidogo kwenye alkoholi, unatia matone ya fenolftalini, dawa inayobadili rangi, unadondosha potasi taratibu mpaka rangi ya waridi ibaki, na potasi iliyotumika ndo inakwambia asidi ni kiasi gani. Mbegu mbivu zilizokaushwa vizuri asidi yake inakuwa chini, ila zikilala miezi kwenye gunia lenye unyevu inapanda, na ikishavuka kama asilimia 2 ukitia kostiki mafuta mengine yanageuka sabuni, badala ya glisarini (masalia ya biodizeli) kutulia chini unabaki na tabaka zito katikati ya chupa kama uji, halitengani. Unaweza kuanza na asidi ya salfuriki kuirekebisha, sawa, lakini hiyo ni gharama juu ya methanoli ambayo tayari unahitaji kama lita 20 kwa kila lita 100 za mafuta.

Sasa mashamba makubwa. Kampuni za BioShape kule Kilwa na Sun Biofuels kule Kisarawe zilichukua maelfu ya hekta za kulima mbono, wa kwanza akasimama 2009 na mwingine 2011, na wanakijiji wa Kisarawe wakabaki wanadai ahadi na ardhi yao. Mafuta hayakuwa mabaya. Mbono kweli inavumilia ukame, lakini kuvumilia maana yake haifi, kuzaa inataka maji na mbolea kama mazao mengine.

Ndo maana nasimama na mbono inayopandwa kama uzio, shamba kubwa nalikataa. Uzio upo tayari, hauchukui ardhi ya mahindi, mbuzi hawali, na mafuta yaliyochujwa vizuri yanaendesha injini za zamani za dizeli za aina ya Lister bila hata kuyageuza biodizeli. Anayesema uzio hauwezi kupunguza dizeli tunayoagiza nje yuko sahihi, lita ni chache mno, ila kwa mashine ya kusaga ya kijiji lita chache zina maana.

Kwa hiyo wanaopima, naomba mtuwekee lita zilizotoka kwenye kinu siyo za heksani peke yake, asidi ya mbegu zilizokaa stoo miezi 3, na bei ya kilo ya mbegu. Kina mama wa Monduli walishatengeneza sabuni ya mbono wakauza, na kama sabuni inalipa kuliko injini basi mbegu ziende kwenye sabuni.