Saa ya Everest kwa Bei ya Dukani: Mlima Bado Unaidai?

Tarehe 29 Mei 1953, saa tano na nusu asubuhi, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walisimama kwenye kilele cha Everest. Muda huo unajulikana kwa sababu Hillary aliangalia saa yake. Walikaa juu pale kama robo saa, wakaanza kushuka, maana oksijeni ya mitungini ilikuwa na kiasi chake na kila dakika ilikuwa ikiipunguza. Kwa watu wale saa ilikuwa kifaa cha kazi kama shoka la barafu na kamba.

Mwaka huohuo Rolex ilileta sokoni saa iliyoiita Explorer, na hadi leo inauzwa ikiwa na kivuli cha Everest nyuma yake. Mnunuzi anaelewa mara moja: hii ndiyo saa iliyofika juu. Ukweli una pande zaidi ya moja. Rolex iliupa msafara ule wa Waingereza saa zake, na zilifanya kazi kwenye baridi ambayo ingegandisha mafuta ya saa nyingi za wakati huo. Ila saa aliyopanda nayo Hillary hadi kileleni ilikuwa Smiths, iliyotengenezwa Cheltenham, Uingereza, ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Saa hiyo imehifadhiwa London, katika makumbusho ya chama cha mafundi saa. Kampuni ya Smiths iliacha zamani kutengeneza saa za mkononi pale Cheltenham, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kuitangaza kwa nguvu za fedha. Sisemi Rolex imedanganya. Nasema tangazo lililonyamazia nusu ya habari kwa miaka 70 limetufundisha kuamini tusichokiuliza, na mtu anayetoa zaidi ya dola 7,000 kununua Explorer ana haki ya kuijua nusu hiyo pia.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mpanda mlima anataka nini mkononi? Anataka saa isomeke gizani, isiingize maji, isisimame ikigongwa na jiwe, na mishale yake ionekane kwa haraka. Kwenye baridi kali kila unapovuta mkono wa koti ili uone muda, unaufungulia upepo ngozi. Ndiyo maana wengi huifunga saa juu ya koti kwa mkanda mrefu wa nailoni, na huuogopa mkanda wa chuma kwa sababu chuma huvuta joto la mwili. Explorer inayatimiza mengi ya hayo. Uso wake mweusi wenye namba kubwa 3, 6 na 9 ni wa mtu aliyefikiria matumizi. Kaka yake, Explorer II ya mwaka 1971, aliongezewa mshale wa saa 24 ili mtu aliye ndani ya pango, au kwenye ncha ya dunia wakati jua halizami, ajue kama ni mchana au usiku. Hilo ni wazo la kifundi kweli, na linastahili heshima.

Shida ni kwamba mahitaji hayo sasa yanatimizwa na saa ya bei ndogo mno. Rolex inaahidi kwamba saa yake haitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Kwa saa ya ufunguo, yaani ya springi isiyo na betri, hiyo ni kazi ya hali ya juu, lakini saa ya kawaida ya betri hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Na ukichukua saa za Casio au Suunto zenye kupima mgandamizo wa hewa na kukadiria mwinuko kutokana nao, unapata jambo ambalo saa ya kifahari ya mishale mitatu haiwezi kukupa. Ukilala kambini ukaamka ukakuta saa inasema umepanda mita 40 na hema halijasogea, maana yake mgandamizo umeshuka usiku na hali ya hewa huenda inaharibika. Taarifa hiyo inaweza kukuzuia usitoke hemani. Kwa mlimani naiweka juu ya dhahabu yoyote.

Wanaotetea saa za ufunguo watajibu kwamba betri hufa kwenye baridi. Ni kweli kwamba baridi huidhoofisha betri, hasa ile ya simu au ya saa inayotumia GPS, na saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono haina hofu hiyo. Lakini saa iliyo karibu na ngozi hupata joto la mwili, na zipo za betri zinazochajiwa na mwanga wa jua. Hoja hii ilikuwa nzito mwaka 1953. Leo imepungua uzito.

Tena saa, iwe ya bei gani, haimrudishi mtu. Tarehe 10 Mei 1996 misafara miwili ya kulipia ilikuwa Everest, na kulikuwa na mazoea ya kugeuza ifikapo saa nane mchana hata kama kilele kinaonekana. Baadhi waliendelea kupanda muda huo ulipopita. Dhoruba ikawakuta juu. Watu 8 walikufa mlimani katika dhoruba ile, wakiwamo viongozi wa misafara yote miwili, Rob Hall na Scott Fischer. Saa hazikukosekana mikononi. Kilichokosekana ni kuzitii.

Huku kwetu jambo hili linagusa Kilimanjaro moja kwa moja. Montblanc inauza saa iitwayo Geosphere, yenye nusu mbili za tufe la dunia zinazozunguka na nukta nyekundu kwenye vilele 7 vya mabara, na Uhuru wetu wa mita 5,895 ni mojawapo. Ni saa nzuri kuitazama. Lakini usiku wa kuelekea kileleni, kundi linapotoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku, anayehesabu mwendo ni mwongozaji, naye anahitaji tu kujua kama jua litawakuta Stella, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, au bado wako chini. Mgeni mwenye fedha za saa ya namna hiyo, na anayempa mgumu aliyembebea mzigo bakshishi ya kubahatisha, amekosea kupanga gharama za safari yake. Hilo nalisema bila kusita.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo sitaki kuzipita. Ya kwanza ni kwamba faida ya saa hizi hulipia kazi halisi. Mwaka 2019 Rolex na National Geographic walidhamini msafara wa kisayansi uliosimika vituo vya hali ya hewa Everest, kimoja kikiwa mita 8,430. Takwimu za namna hiyo zinawahusu mamilioni wanaokunywa maji ya theluji za Himalaya.

Ya pili ndiyo inayonishawishi zaidi, nayo ni umri. Explorer ya miaka ya 1960 bado inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kutembea tena. Saa ya elektroniki ya kupimia mgandamizo ikiharibika saketi yake baada ya miaka 20, mara nyingi hutupwa. Anayenunua kitu kimoja cha kutumia yeye na mwanawe hapotezi fedha kama inavyodhaniwa.

Ila hapo nina sharti. Kampuni kubwa za Uswisi zimebana uuzaji wa vipuri kwa mafundi wasio na mkataba nazo, kwa hiyo fundi hodari wa Kariakoo au River Road anaweza kuifungua saa yako, akaona gurudumu lililolika, na asipate la kuweka. Zikimuuzia fundi huyo vipuri, nitaikubali hoja ya umri yote. Kwa sasa naikubali nusu, na kwa mlima wenyewe ningemshauri mtu anunue saa ya betri inayopima mgandamizo, na fedha zitakazobaki aziweke kwenye buti, koti na siku mbili za ziada za kuzoea mwinuko.