Mabweni ya Inuvik Hayakuwa Hosteli Tu

Kwa wengi wetu neno "hosteli" halina ubaya. Tulilala katika mabweni ya misheni, tukaamshwa kwa kengele alfajiri, na wazazi wetu walijinyima mengi ili tupate nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo hasa, historia ya mabweni ya Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, inatutaka tuisome kwa uangalifu: jina ni hilo hilo, lakini kilichotendeka ni kingine.

Mwaka 1959, katika mji huo mpya ambao majengo yake yalisimamishwa juu ya nguzo kwa kuwa ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, yalifunguliwa mabweni mawili makubwa: Stringer Hall la Waanglikana na Grollier Hall la Wakatoliki. Serikali ya Kanada ilitoa fedha, makanisa yakakabidhiwa watoto. Watoto hao wa jamii za wenyeji wa asili, yaani Wagwich'in, Wainuvialuit, Wadene na Wametis, walichukuliwa kwa ndege mwishoni mwa kiangazi, na wengi hawakuwaona wazazi wao tena hadi Juni. Mchana walisoma katika shule moja ya serikali. Jioni waligawanyika kwa madhehebu, hata wale waliotoka kijiji kimoja.

Hebu mtazame mtoto wa miaka 6 katika bweni hilo. Nguo zake zimeandikwa namba. Desemba imeingia na jua halitachomoza kwa takriban mwezi mzima. Anayezima taa usiku ni mtu asiyejua hata neno moja la lugha ya mama yake. Msimu huo huo baba yuko nyikani akitega mitego na mama anakwangua ngozi, nayo ndiyo kazi ambayo mtoto angejifunza kwa kukaa kando yao na kutazama. Wapo waliorudi nyumbani wakashindwa kuzungumza na bibi zao.

Kulikuwa na mabaya zaidi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule za bweni za watoto wa wenyeji, ilibainisha kwamba kuanzia 1959 hadi 1979, Grollier Hall halikukosa wakati wowote angalau msimamizi mmoja aliyekuwa akiwadhalilisha watoto kingono. Miaka 20! Baadhi ya wasimamizi walikuja kutiwa hatiani mahakamani, watoto wale wakiwa tayari watu wazima.

Watetezi wa mabweni hayo husema viongozi wa kaskazini walitoka humo, na ni kweli kwamba Stephen Kakfwi, waziri mkuu wa Northwest Territories, eneo la Kanada ambamo Inuvik imo, kuanzia 2000 hadi 2003, alipitia Grollier Hall. Lakini yeye mwenyewe amezungumza hadharani juu ya mateso ya utoto wake huko mabwenini, na mimi sioni kwa nini tumnukuu kwa cheo chake tukanyamazie ushuhuda wake.

Ninaloshikilia ni kwamba mpango wenyewe ulirahisisha kukwepa lawama. Shule ilikuwa ya serikali, bweni la kanisa, na mtoto aliyeumizwa usiku hakuwa na mlango wa kubisha asubuhi. Stringer Hall lilifungwa mwaka 1975, Grollier Hall mwaka 1997. Makubaliano ya kuwalipa fidia waliopitia shule hizo za bweni yalipoanza kutekelezwa Septemba 2007, mabweni yote mawili yalikuwa katika orodha ya shule za bweni za watoto wa wenyeji, pasipo kujali kwamba hayakuwa na darasa hata moja. Wazazi wengi waliowasindikiza watoto hadi kwenye ndege mwaka ule wa 1959 hawakuishi kuiona orodha hiyo.