Inchi 32 si umaskini

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Mbagala aliniomba nimsindikize Kariakoo kununua TV. Ile ya zamani ilibaki na sauti tu. Usiku ukizima taa za sebuleni na kuimulika kioo kwa tochi, unaona watangazaji kwa mbali, wamefifia kama mizimu. Fundi alisema ni taa za nyuma ya kioo zimekufa na zinabadilishika, lakini shemeji alishaamua.

Kwenye duka la kwanza tulipokewa na kijana mchangamfu. "Bosi, chukua hii inchi 55, smati, 4K. Ukiangalia mpira unaona mpaka jasho la mchezaji." Kwenye kioo samaki wa rangi zote walikuwa wanaogelea polepole, maji yanang'aa kuliko maji yoyote niliyowahi kuyaona Kigamboni. Shemeji akaulizia ile ya inchi 32 iliyokuwa pembeni, isiyo smati. Kijana hata hakugeuka kuitazama. "Hiyo watu wanapeleka kijijini."

Ni hilo neno la kijijini lililonikaa kooni.

Ubishi wenyewe unajulikana. Wapo wanaosema TV hainunuliwi kila mwaka, kwa hiyo jikakamue mara moja uchukue kubwa, janja, ya 4K, usije ukajuta. Wapo wanaosema chukua inayotosha. Hawa wa pili hawana msemaji. Muuza duka hapati kitu kwao, matangazo hayawataji, na mgeni akiingia sebuleni hawezi kusifia kitu alichonacho na yeye. Ndiyo maana hoja yao imegeuka kuwa aibu ya mtu aliyeishiwa, wakati ni hoja ya hesabu.

Tulirudi Mbagala mikono mitupu, shemeji kanuna kidogo. Nikaazima futikamba ya cherehani ya mkewe, ile ya sentimita 150, tukailaza sakafuni mara mbili kutoka ukutani hadi kwenye kochi. Mara ya pili haikufika mwisho. Mita 2 na sentimita 90.

Sasa twende taratibu. Jicho zima linatenganisha nukta mbili pale zinapoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukikaa mita 2.9 kutoka kwenye kioo, pembe hiyo ni kama milimita 0.84. Nukta zilizo karibu zaidi ya hapo, jicho linazisoma kama moja. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, na nyingi za bei nafuu zina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1366 kwa 768, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa milimita 0.52. Imeshapita uwezo wa jicho kutoka kwenye kochi lile. Ya inchi 55 yenye HD kamili, pikseli 1920 kwa 1080, inatoa milimita 0.63, nayo imeshapita. Hiyo 4K, yenye pikseli mara nne ya HD kamili, inashuka hadi milimita 0.32, udogo ambao kutoka kwenye kochi la shemeji hauonekani na mtu yeyote, awe na miwani au asiwe nayo. Ili 4K ya inchi 55 ianze kukupa kitu ambacho HD kamili haikupi, inabidi ukae ndani ya mita 2.2. Kwa inchi 43 ni mita 1.7. Mita 1.7 sebuleni mle ni kukaa juu ya meza ya kioo, miguu kwenye vitambaa vya mama mkwe.

Lakini hesabu ninayoipenda zaidi ni nyingine. Chaneli nyingi tunazotazama kwenye visimbuzi vyetu, hasa za vifurushi vya chini, bado zinakuja kwa ubora wa SD, ambao kwa ukamilifu wake ni pikseli 720 kwa 576. Zidisha: 414,720. Kioo cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Gawanya. Jibu ni 20 kamili, halina hata sazo. Kwa kila pikseli moja iliyotoka kituoni, TV ya 4K inatakiwa ijaze nafasi 20. Moja ni ya kweli, 19 zinabuniwa na kichakataji kilichomo ndani. Kwa hiyo lile jasho la mchezaji, kama kweli utaliona, kwa sehemu kubwa si la mchezaji. Limetungwa na TV yenyewe, na kichakataji cha bei nafuu kinatunga vibaya: uso wa mtangazaji unakuwa kama umepakwa mafuta ya mgando, nyasi za uwanja zinageuka zulia. Picha hiyohiyo kwenye inchi 32 ya kawaida inatanuliwa mara mbili na nusu tu, na inatulia. Watu wengi wanaolalamika kwamba TV yao mpya "haioneshi vizuri kama dukani" wanailaumu TV bure. Dukani ilikuwa inalishwa flashi yenye samaki wa 4K, rangi zimepandishwa hadi mwisho. Nyumbani inalishwa kisimbuzi. Ukienda kununua, omba wakuchomekee kisimbuzi, chaneli ileile unayotazama kila siku. Kijana wetu alipoombwa hivyo alisema kisimbuzi cha duka kimeisha kifurushi.

Utaniambia 4K ipo mtandaoni. Ipo. Netflix wenyewe wanasema filamu zao kwa 4K zinaweza kula hadi GB 7 kwa saa, na kwa HD hadi GB 3. Filamu ya saa mbili kwa 4K ni GB 14. Mtu anayenunua bando la wiki na kuligawa na watoto anajua GB 14 ni nini. Mwenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo hapo nyumbani ana hesabu tofauti kabisa, na namkubalia: kwake TV janja ni kitu cha kila siku. Ila wengi niliowaona na TV janja wanarusha picha kutoka kwenye simu, au wanawasha hotspoti ya simu kwa dakika ishirini, wimbo mmoja mmoja, na baada ya hapo TV inarudi kuwa ya kawaida.

Kuna jambo la uzee pia. Kioo kikitunzwa kinaweza kuishi miaka kumi. Programu haziishi hivyo. Mwaka 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV janja nyingi za 2012 kurudi nyuma. Desemba 2019 Netflix iliondoka kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Kioo kizima, rangi nzuri, lakini ujanja umekwisha. Na hizi ndogo za bei ya chini zinazouzwa kama janja mara nyingi huja na RAM, kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 1. Siku ya kwanza zinafunguka vizuri, baada ya mwaka unabonyeza rimoti, unakwenda kuchota maji, unarudi ndiyo inaitika. TV ya kawaida yenye tundu la HDMI unaichomekea kiboksi cha Android cha kuipa ujanja, na kikizeeka unatupa kiboksi, kioo kinabaki.

Nisionekane nimefumba jicho moja. Inchi zina udanganyifu wake, na safari hii unawapendelea wa kubwa: inchi 55 si mara 1.7 ya 32 kama namba zinavyosikika. Inchi hupimwa kona kwa kona, na eneo lenyewe la picha ni karibu mara tatu. Kwa sebule ndefu, au nyumba ambayo majirani wanajaa siku ya Simba na Yanga hadi inafanana na kibanda umiza, ukubwa huo una maana. Una maana pia kwa mzee ambaye macho yamepungua, kwa sababu yeye hahitaji pikseli nyingi, anahitaji maandishi makubwa. Halafu TV kubwa nzuri hazitofautiani kwa pikseli tu; nyingine zina weusi ulio mweusi kweli na mwanga mkali, na hilo jicho linaliona hata kutoka mlangoni. Isitoshe, ukitaka inchi 43 na kwenda juu isiyo janja kabisa, utazunguka Kariakoo mpaka viatu viishe. Mwenye nafasi na mwenye mtandao, anunue. Ninachokataa ni kuambiwa asiyenunua hajui.

Suala la jina la kampuni linapewa uzito kuliko linavyostahili. Wazee wetu wanaapa kwa Toshiba na Philips za enzi za chogo. Biashara ya TV za Toshiba ilichukuliwa na Hisense, dili lilitangazwa 2017, na TV nyingi zenye jina la Philips zinatengenezwa na TP Vision. Samsung nao waliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022, sasa wananunua kwa wengine. Jina bado lina kazi yake, hasa kwenye waranti na upatikanaji wa vipuri, lakini kioo kilicho nyuma ya majina mawili yanayogombana dukani chaweza kuwa kimetoka kiwanda kimoja.

Umeme ndio watu hawauulizi kabisa. Inchi 32 nyingi zimeandikwa wati 50 hivi kwa nyuma. Inchi 55 hupita 100 kwa urahisi, tuchukue 120. Ikiwaka saa sita kwa siku, kwa mwezi ya kwanza inakula uniti 9, ya pili uniti 21.6. Tofauti ni uniti 12 na ushee, na ukiitazama yenyewe si kitu cha kukosesha mtu usingizi. Lakini shemeji yuko kwenye D1, kundi la TANESCO la wateja wadogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya tozo na kodi, na ukivuka hapo kila uniti ya ziada ni 350. Ana friji. Ana pasi. Mwezi wa joto ana feni mbili. Anaishi uniti chache chini ya mstari, na TV ile ndiyo ingemvusha.

Na sauti. TV za siku hizi ni nyembamba, spika zake zinatazama chini au nyuma, na inchi 55 haizungumzi vizuri kuliko 32 kwa kiasi unachodhani. Nyumba nyingi suluhisho lipo tayari, limekaa chini ya kabati: sabufa. Kabla ya kulipa, geuza TV uangalie mgongoni kama kuna tundu la sauti la waya wa kawaida, lile jekundu na jeupe au la hedifoni. Baadhi ya mpya zina tundu la optiki tu, na sabufa ya kawaida hailijui.

Jumamosi iliyofuata tulirudi, duka lingine. Shemeji alichukua inchi 32 ya kawaida, ya vioo viwili, yaani yenye kioo cha ziada cha kinga kwa mbele, kwa sababu ana mtoto wa miaka mitatu anayerusha vitu. Vioo viwili vinaongeza mng'ao wa dirisha mchana, nilimwambia; akasema dirisha lina pazia, mtoto hana. Hapo sikuwa na jibu. Chenji ilitosha gadi ya umeme, maana kwao umeme ukirudi unarudi kwa hasira, waya wa sabufa, na bado ilibaki ya kifurushi cha miezi kadhaa chenye chaneli za HD. Wakaipima mbele yetu kwa kisimbuzi, wakaandika waranti kwenye risiti ya EFD.

Jioni ile mama mkwe alikaa mahali pake, akatazama mpira dakika kumi, akatikisa kichwa. Picha nzuri, akasema, lakini matokeo pale juu kwenye kona hayaoni. Shemeji akanigeukia, macho yanasema umeona sasa. Nikamwamkia mama kwa mara ya pili siku hiyo, nikamwomba anyanyuke kidogo, tukashika kochi huku na huku tukalisogeza mbele sentimita 80. Akakaa tena. Akasoma: moja bila, dakika ya thelathini na nne.