Uwanjani ndiko Balsamo alikotengenezewa spidi
Kuna makala nimesoma, mwandishi anasema Elisa Balsamo, mwendesha baiskeli wa Italia, anapoteza muda na mbio za baiskeli za uwanjani eti angebaki barabarani tu angeshinda zaidi, mimi hapo nakataa kabisa. Ile spidi ya mwisho aliyompiga nayo Mholanzi Marianne Vos pale Leuven, Ubelgiji, 2021 akawa bingwa wa dunia wa barabarani unadhani kaitoa wapi? Baiskeli ya uwanjani haina breki wala gia za kubadilisha, pedeli hazisimami, mguu unazoea kuzunguka haraka mpaka basi. Na 2022 huyohuyo kabeba Gent-Wevelgem, mbio za barabarani za Ubelgiji, halafu Oktoba akawa bingwa wa dunia uwanjani na wenzake Waitalia. Longo Borghini, Mwitalia mwenzake aliyemvuta Leuven kwa kumtangulia na kumkingia upepo kabla ya spidi ya mwisho, naye apewe sifa zake jamani. Nani mwingine mnamfuatilia kotekote, barabarani na uwanjani?