Jina la kifurushi litungwe na nani: mtu au mipangilio?

Wanaoyapinga majina ya vifurushi vya programu yanayotungwa na mashine kutokana na mipangilio huanza na urefu wake, na mfano hawaukosi. Faili moja la NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, linaitwa numpy-1.26.4-cp312-cp312-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl. Nani atalishika hilo kichwani? Wao wanataka mtu alichague jina mwenyewe: liwe fupi, litamkike, lisibadilike kila mipangilio ya ujenzi, yaani ya kugeuza msimbo kuwa kifurushi, inapoguswa.

Hebu lisome polepole. 1.26.4 ni toleo. cp312 ya kwanza inasema limeundwa kwa CPython 3.12, programu ya kawaida ya kuendesha msimbo wa Python; ya pili inataja ABI yake, yaani kanuni za jinsi msimbo uliokwisha kujengwa unavyoungana nayo. manylinux_2_17 ni ahadi kwamba litafanya kazi kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya msingi ya C) 2.17 au mpya zaidi, na x86_64 ni aina ya prosesa. Programu ya pip, inayosakinisha vifurushi vya Python, huyasoma hayo kwenye jina na kuamua kama faili linaifaa mashine yako, kabla ya kulipakua. Jina hili ni lebo, na kazi ya lebo ni kusema kilichomo.

Lebo ya mkono hudanganya hata pasipo mtu kukusudia. Niliwahi kukesha nikisaka hitilafu ambayo nilijua fika imesharekebishwa. Faili kwenye seva lilisomeka 2.4.1. Nilipolifungua, manifesti (faili la maelezo ya kifurushi) iliyokuwa ndani ikasema 2.4.0. Mwenzetu alikuwa amebadilisha jina la faili, akasahau kubadilisha toleo na kujenga upya. Simwiti mzembe hata kidogo: tulimpa sehemu mbili za kuandika jambo lilelile, akaikumbuka moja. Maven, chombo cha kujenga miradi ya Java, usipoiingilia, hulitunga jina kutokana na artifactId (jina la mradi) na version (toleo) zilizomo kwenye pom.xml, faili lake la mipangilio. Angebadilisha toleo mahali pamoja tu, na jina lingefuata.

Ipo hoja ya wapinzani iliyo nzito kuliko ya urefu, na sishangai wakiishikilia. Kwenye Gradle, chombo kingine cha ujenzi, usipoandika rootProject.name (jina la mradi) ndani ya settings.gradle, mradi huchukua jina la folda uliyomo. Msimbo uleule, watu wawili: mmoja anapata malipo.jar, mwingine aliyeuweka kwenye folda tofauti anapata malipo-nakala.jar, na skripti ya kupeleka kwenye seva inakwama. Hapo mashine imetunga jina kutokana na kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Lakini tiba ni mstari mmoja wa mipangilio. Kurudi kwenye majina ya mkono kungetibu jeraha hilo kwa kufungua lile la 2.4.1.

Kinachostahili ubishi ni kipi kiingie kwenye jina. Kwangu, ni vile tu vinavyoamua kama kifurushi kitafanya kazi mahali fulani. Mengine yafuate njia ya Conan, meneja wa vifurushi vya C na C++: huchukua mfumo endeshi, prosesa, kompaila, aina ya ujenzi na machaguo mengine, ikakokotoa kitambulisho kimoja, huku jina na toleo vikibaki vyepesi kusomeka.

Na anayelalamika kwamba skripti zake huvunjika jina linapobadilika, aangalie kwanza kama hakuliandika jina hilo ndani ya skripti kwa mkono. Maven ukiiuliza project.build.finalName (jina la mwisho la faili) kupitia amri ya help:evaluate, inakujibu. Skripti nayo iulize.